Fowili ya zamani au gari mpya ya familia? Namna ya kuchagua bila kujidanganya

Kabla hamjaanza kubishana nyumbani kuhusu Land Cruiser ya 1992 na RAV4 ya juzijuzi, chukua simu uandike safari zenu zote za mwezi mmoja, zote kabisa, shule, kazini, shamba, kwa wazazi, na pembeni ya kila moja andika barabara ikoje na nani anakuwa ndani ya gari. Usishangae ukikuta karibu zote ni lami na rafu rodi ya kawaida, halafu ile safari ya tope la magotini iko kichwani tu au inatokea mara moja kwa mwaka. Ya mara moja kwa mwaka unakodi gari, yameisha. Najua inauma, na mimi nazipenda hizo mashine kuliko mtu, lakini ndo ukweli wenyewe.

Sasa kama listi inaonyesha kila wiki unapita makorongo, mawe na mchanga mzito, tena na mzigo, hapo usidanganyike na herufi AWD (yaani matairi yote manne yanavuta) zilizobandikwa kwenye buti. Hizi gari za familia nyingi zinavutwa na matairi ya mbele, ya nyuma yanaitwa kusaidia pale ya mbele yanapoteleza, kupitia klachi inayoongozwa na kompyuta, na ukikomaa nayo kwenye tope refu klachi inapata moto, gari inaikata yenyewe ili isiungue, unabaki unazungusha tairi za mbele tu. Halafu lo gia, ile gia ya pili ya nguvu inayotembeza gari taratibu sana, hamna. Fowili ya kweli lo gia ndo roho yake, unashuka mlima mkali gari inatambaa taratibu kwa nguvu ya injini, hata breki huigusi. Ongeza chesi yake na ekseli nzima mbele na nyuma, kama za Land Cruiser 80 au Defender, hapo gari mpya ya familia haifui dafu. Ila kwa vumbi na mashimo ya kawaida gari mpya inapita freshi, tena watoto hawafiki wametapika.

Suala la usalama ndo watu wanalirukaga. Utasikia "chuma cha zamani kizito, mkigongana mwenzako ndo anaumia". Hapana bwana. Chuma kisichobonyea hakinyonyi ile nguvu ya ajali, kwa hiyo nguvu inaishia kwenye miili yenu mliomo ndani. Defender ile ya zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016 na mpaka siku hiyo haikuwa na eabegi. Kuna pia ESC, ule mfumo unaokamata breki ya tairi moja moja gari ikianza kuseleleka, Ulaya ni lazima kwa gari zote mpya tangu Novemba 2014 na Marekani kuanzia modeli za 2012, na cha ajabu gari ndefu ya juu ndo inayouhitaji zaidi, maana uzito wake uko juu, ukikwepa kitu ghafla inapinduka.

Ukienda kuangalia gari beba na siti ya mtoto, usione aibu mbele ya muuzaji. Gari mpya, ingiza vidole kwenye ule mfereji kati ya siti ya nyuma na mgongo wake, utagusa vyuma viwili vya ISOFIX, siti ya mtoto inakita "kla!" ikakaa. Gari ya zamani vuta mikanda ya nyuma uone kama inapita begani au ni ya kiunoni tu. Zile benchi za pembeni za kutazamana hazifungiki siti ya mtoto kabisa. Una watoto wadogo na mikanda ni ya kiunoni? Kwangu mimi mjadala umeishia hapo, hata kama injini inaimba.

Mikanda imepita? Haya, lala chini ya gari na nyundo ndogo, gonga chesi kuanzia mbele mpaka nyuma, hasa karibu na springi na pale nyuma kabisa tope linapojificha. Chesi nzima inalia kama kengele, iliyooza inatoa sauti butu na vumbi jekundu linakuangukia usoni, na ukiona rangi nyeusi mbichi imepakwa juzi chini ya gari yenye miaka 30 ujue kuna kitu kimefunikwa. Injini mbovu inafufuliwa, gia boksi inapatikana, lakini chesi iliyoliwa na kutu itakula hela yako mpaka uichukie gari. Iwashe ikiwa baridi, wewe mwenyewe ushike boneti kwanza, maana wengine wanaipasha moto kabla hujafika ili ishike kirahisi. Moshi wa bluu inakula oili, mweupe usiokata wakati injini imeshapata moto anza kuwaza gasketi ya silinda hedi au nozeli. Lo gia ijaribie kwenye udongo, sio lami kavu, maana fowili ya kuingiza kwa mkono ukikata kona kwenye lami inajikaza mpaka unaumiza propela na difu.

Gari mpya ukaguzi ni mwepesi zaidi, muite mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta, uliza historia ya oili ya gia boksi, hasa kama ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua), maana wengi hawaibadilishi kabisa, na angalia kama ilishawahi kuzama kwenye maji.

Mafuta usiniulize, ile 1HZ, injini ya dizeli ya lita 4.2 ya Land Cruiser za zamani, inakunywa na haina haraka. Ila swali zito ni fundi. Kama huna fundi anayezijua hizo gari na huna gari nyingine ya kupeleka watoto shule siku ikiwa juu ya jeki, chukua mpya. Ukiwa navyo vyote na chesi imelia vizuri, lipa, na wiki hiyohiyo mwaga oili zote, injini, gia boksi, transfa na difu zote mbili, usisubiri hadithi za muuzaji kwamba alizibadilisha mwezi uliopita.