Oili ya tustroki kwa mashine ya boti: kuichagua, kuitunza na kuichanganya

Nikifungua mashine ya boti nikakuta pistoni imekwaruzika au ringi zimeganda, jambo la kwanza ninalomwomba nahodha ni chupa ya oili aliyokuwa akiitumia. Hapa Mtwara mara nyingi ninaletewa chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, haina lebo, na ndani yake mna kitu cha bluu. Hapo hata mwenye mashine hajui alichonunua, nami siwezi kumsaidia kujua. Mwongozo huu ni kwa nahodha, mwenye boti na kijana yeyote anayetumwa dukani.

Hatua ya 1: Hakikisha mashine yako ni tustroki

Mashine za Yamaha Enduro, ambazo mabaharia wengi wanazijua, ni tustroki, yaani za mipigo miwili. Ukiwa na shaka, fungua kifuniko cha juu. Kama kuna kijiti cha kupimia oili, hiyo ni fostroki, yaani ya mipigo minne, na mwongozo huu hauihusu. Tustroki haina oili inayokaa chini na kuzunguka. Oili yake huingia pamoja na petroli, hulainisha bearingi, pistoni na silinda, kisha huungua na kutoka na moshi.

Zipo pia tustroki zenye tangi lao la oili, ambazo hujichanganyia zenyewe. Hizo hutiwa oili tupu kwenye tangi lake, na petroli tupu kwenye tangi la mafuta.

Hatua ya 2: Tafuta herufi TC-W3

Hii ndiyo hatua yenyewe. Geuza kopo, soma nyuma, tafuta TC-W3. Hicho ni kiwango cha NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, na ile W inahusu mashine zinazopozwa kwa maji. Jina la kampuni, picha ya boti na rangi ya kopo vije baadaye.

Dukani utakutana na oili nyingine za tustroki zenye alama za viwango vingine, yaani JASO FB, FC au FD, au API TC. Ni oili nzuri kwa kazi yake: msumeno wa mnyororo, pikipiki za zamani, mashine ndogo zinazopozwa kwa upepo. Injini hizo huwa na joto kali, kwa hiyo oili zake huwekewa dawa za kusafisha ambazo nyingi zina madini. Madini hayo yakiungua huacha majivu.

Mashine ya boti inaishi maisha mengine. Inapozwa na maji ya bahari, kwa hiyo kuta za silinda ni baridi kuliko za msumeno, lakini inabeba mzigo mzito kwa muda mrefu bila kupumzika. Mtu anayetoka Mtwara kwenda Msimbati akiukabili upepo wa kusi haachii mkono wa gesi mpaka afike. Katika hali hiyo majivu hujijenga juu ya pistoni na kwenye plagi, yanashika moto kama kaa, na mafuta yanawaka kabla ya wakati wake. Pistoni inaweza kutoboka katikati. Oili ya TC-W3 haina dawa za kuacha majivu, na ina kinga dhidi ya kutu, jambo ambalo chombo cha baharini hakiwezi kulikosa.

Oili ya bodaboda, ile ya 20W-50 au SAE 40, ni ya fostroki. Usiitie kabisa, hata kama umeishiwa na dagaa wamejaa baharini. Haichanganyiki vizuri na petroli wala haikutengenezwa ili iungue.

Je, TC-W3 za kampuni mbili zinaweza kuchanganywa? Ndiyo. Kuchanganyika kwake ni sehemu ya majaribio ya kiwango hicho. Ukikosa uliyoizoea, chukua nyingine yenye herufi hizohizo na uendelee na safari.

Hatua ya 3: Nunua kopo lililofungwa

Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa inapendeza mfukoni, lakini rangi haikuambii kitu. Bluu, kijani au nyekundu ni rangi tu iliyotiwa ili ujue kama petroli imeshachanganywa. Angalia pete ya kifuniko haijakatika na karatasi ya ndani haijatobolewa. Kama unakwenda baharini mara chache kwa mwezi, nunua makopo ya lita moja moja hata kama kopo kubwa lina nafuu ya bei. Kopo lililofunguliwa ndilo linaloharibika.

Hatua ya 4: Itunze mbali na unyevu

Adui wa oili katika pwani yetu ni hewa yenye maji. Kopo lililobaki nusu lina hewa ndani. Mchana chini ya bati hewa hiyo inapanuka na kutoka, usiku inasinyaa na kuvuta nyingine yenye unyevu wa bahari. Kifuniko kikiwa hakijakazwa, matone hujikusanya chini ya kopo siku baada ya siku. Miezi ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, hali huwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo weka oili ndani ya nyumba au stoo, kwenye rafu ya mbao, si juu ya sakafu wala mchanga, na jua lisiifikie. Kaza kifuniko, futa mdomo wa kopo kwa kitambaa kikavu, andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyofungua. Mimi kopo lililofunguliwa sipendi lipite mwaka. Lisiachwe ndani ya boti usiku kucha, na lisikae karibu na jiko, kibatari au mikono ya watoto.

Kabla ya kutumia, tikisa kopo, kisha mimina kidogo kwenye glasi safi. Oili nzima inaangaza, unaona upande wa pili. Ikiwa na ukungu mweupe kama maziwa, imeingia maji. Usiitie. Wala usiimwage ufukoni, maana bamvua ikitoka kina mama wanaokota chaza na pweza palepale. Ipeleke gereji inayokusanya oili chafu.

Hatua ya 5: Pima, usikadirie

Uwiano sahihi umeandikwa kwenye kitabu cha mashine au kibandiko chake. Mashine nyingi hutumia 50:1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli:

- lita 5: mililita 100
- lita 10: mililita 200
- lita 20: mililita 400
- lita 25: mililita 500

Mashine mpya, au iliyobadilishwa pistoni na ringi, mara nyingi huanza na 25:1, ambayo ni mara mbili ya vipimo hivyo, kwa saa zilizotajwa na kitabu.

Lita za petroli zisome kwenye pampu ya sheli. Dumu la mafuta ya kula linaloitwa la lita 20, likijazwa mpaka shingoni, huzidi kipimo hicho. Kwa oili, chupa ya mtoto yenye alama za mililita inafaa sana, ila isirudi tena kwa mtoto.

Tia oili yote kwanza, ongeza petroli kidogo, funga, tikisa, kisha jaza iliyobaki na utikise tena. Fanya hivyo nchi kavu. Usizidishe oili kwa kudhani unailinda mashine: plagi zinalowa, moshi unajaa, kaboni inaziba njia ya kutolea moshi. Ukipunguza, pistoni itakamata ukiwa katikati ya mkondo.

Hatua ya 6: Usilaze mchanganyiko

Changanya kwa ajili ya safari zilizo karibu. Petroli iliyochanganywa nisingependa ipite mwezi mmoja, maana petroli inayeyukia hewani, inabaki oili nyingi kuliko kipimo, na gundi inaziba tundu za kabureta. Kusi ikikaza na boti ikawa inapumzika, ingiza sehemu ya chini ya mashine kwenye pipa la maji, iwashe, chomoa mpira wa mafuta, iache iungurume mpaka izime yenyewe.

Hatua ya 7: Soma plagi

Baada ya safari ndefu chomoa plagi. Rangi ya kahawia, kavu: endelea hivyohivyo. Nyeusi na imelowa: oili imezidi, au kabureta inamwaga. Nyeupe, au ina vichembe vinavyong'aa vya aluminiamu: usiiwashe tena mashine hiyo kabla fundi hajaifungua silinda.