SOMO: Kuonja mvinyo mwekundu, kwa anayeanza na kwa mzoefu

Anayeanza huonja huku akitafuta majina: cheri, plamu, vanila. Asipoyapata huona pua yake mbovu. Mzoefu hupima kwanza vitu vitatu ambavyo mdomo wowote unavihisi, yaani uchachu, ukakasi na moto wa kilevi. Majina ya harufu huja baadaye. Fuata mpangilio huo tangu siku ya kwanza.

Maandalizi

Usionje mvinyo mmoja peke yake, maana ulimi hupima kwa kulinganisha. Chukua miwili iliyo mbali kitabia, mfano wa zabibu ya Pinot Noir, ambao ni mwepesi, na wa Cabernet Sauvignon, ambao ni mzito. Glasi ziwe za aina moja, pana chini na nyembamba mdomoni ili harufu isitawanyike. Mimina mililita 50 tu kila glasi. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 15. Weka karatasi nyeupe, maji, mkate usio na ladha kali, na chombo cha kutemea. Usijipulizie manukato.

Jotoridi ndilo linaloharibu maonjo mengi. Mvinyo mzito uwe kati ya nyuzi 15 na 18 za Selsiasi, mwepesi 12 hadi 14. Ukipita 20, kilevi kinafuka na kufunika harufu nyingine. Ukiwa wa baridi sana, harufu zinalala na ukakasi unazidi. Chumba kikiwa na joto, nusu saa ya friji inasaidia.

Hatua ya 1: macho

Inamisha glasi juu ya karatasi, utazame ukingo wa mvinyo. Zambarau ni dalili ya ujana. Rangi ya tofali ni dalili ya umri. Lakini weusi wa rangi si kipimo cha ukali: mvinyo wa zabibu ya Nebbiolo ni mwangavu kwa macho, na ukakasi wake ni mkubwa. Yale "machozi" yanayoteremka kwenye kioo hayasemi lolote kuhusu ubora.

Hatua ya 2: pua

Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha glasi ikiwa mezani kwa sekunde tano, unuse tena. Tafuta kasoro kwanza. Uvundo wa boksi lililolowa unatokana na kizibo kilichochafuka, na hauondoki hata ukisubiri. Harufu ya siki au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha nayo haitibiki. Yai viza ni salfa; mara nyingi huondoka ukizungusha kwa dakika chache, kwa hiyo usikimbilie kumwaga.

Anayeanza ajibu swali moja tu: ni matunda, viungo, au udongo na mbao? Mzoefu aulize harufu imetoka wapi. Pilipili hoho kwenye Cabernet Sauvignon na pilipili manga kwenye Syrah, aina nyingine ya zabibu nyekundu, zinatoka kwenye zabibu yenyewe. Vanila na karafuu mara nyingi ni za pipa la mwaloni. Ngozi, uyoga na majani makavu huletwa na umri.

Hatua ya 3: mdomo

Piga funda dogo, mililita 10 hivi. Lisambaze ulimi wote, vuta hewa kidogo kupitia midomo, subiri sekunde tano, tema. Sasa sikiliza mdomo. Mate yakichuruzika pembeni mwa ulimi, huo ni uchachu. Moto kooni ni kilevi. Midomo ikigoma kuteleza juu ya fizi, huo ni ukakasi, unaoletwa na kitu kiitwacho tanini: inashikana na protini za mate na kuondoa ule utelezi wake.

Wengi huchanganya uchachu na ukakasi, na hapo ndipo pa kukaa zaidi. Loweka pakiti moja ya majani ya chai kwenye mililita 200 za maji ya moto kwa dakika 2, nyingine kwa dakika 10, bila sukari, kisha ziache zipoe. Glasi ya tatu iwe maji yenye matone kadhaa ya limau. Zionje kwa zamu. Chai ya dakika 10 inakausha, limau inatoa mate. Rudia hadi usikosee.

Mzoefu aende mbali zaidi: ukakasi ni laini kama unga au unakwaruza kama msasa? Ladha inabaki sekunde ngapi baada ya kutema? Kisha ajipime kwa glasi tatu, mbili zikiwa na mvinyo uleule, autafute ulio tofauti bila kuona chupa. Afanye raundi sita, kwa kuwa mara moja kati ya tatu mtu hupatia kwa kubahatisha. Kuficha chupa ni lazima. Katika jaribio la Bordeaux, Ufaransa, lililochapishwa 2001, wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nanusa sana lakini napata harufu ya "mvinyo" tu.
Punguza kunusa. Pua huchoka haraka. Vuta mara mbili fupi, pumzika, hamia glasi ya pili. Kabla ya kuonja, nusa karafuu na pilipili manga. Hiyo ya pilipili manga kwenye Syrah usiihangaikie sana: takriban mtu mmoja kati ya watano hawezi kuinusa.

Nikitema si napoteza ladha?
Hapana. Baada ya kutema, funga mdomo na utoe pumzi puani. Harufu hupanda kwa nyuma ya koo.

Je, kufungua chupa saa moja kabla kunatosha?
Shingo ya chupa ni nyembamba, hewa haiingii vya kutosha. Mvinyo mchanga wenye ukakasi mimina kwenye jagi kwa dakika 30 hadi 60. Wa zamani simamisha chupa siku nzima ili mashapo yatue, mimina taratibu, onja mara moja, hewa huuchosha.

Tumeonja minne, mimi na mwenzangu tumetofautiana kabisa kuhusu wa mwisho.
Mlionja kwa mpangilio mmoja? Tanini hujilimbikiza mdomoni, kwa hiyo wa nne huonekana mkali kuliko ulivyo. Anzeni na mwepesi, kuleni kipande cha mkate, mpumzike dakika mbili kati ya mvinyo na mvinyo, kisha mrudie kwa mpangilio wa kinyume.