Kukeneka Maji kwa Jua: Punguza Maji Beseni, Dumu Lijae

Wakazi wa Bahi na Manyoni wanaijua hali hii: kisima kimechimbwa, maji yanatoka, lakini sabuni haitoi povu na sufuria ya chai inaota ukoko mweupe. Sehemu za Singida kuna na floraidi, ile inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, inazidi kukolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Ukikeneka maji kwa jua, yaani kuyageuza mvuke ndani ya beseni lililofunikwa kwa kioo cha mteremko, chumvi na floraidi hubaki ndani ya beseni, mvuke ukapanda peke yake hadi kwenye kioo, ukawa matone yanayoteleza na kukingwa kwenye dumu.

Tuelewane mapema kuhusu kiasi. Mita moja ya mraba ya beseni hutoa lita 3 hadi 4 siku ya jua kali. Lita moja kugeuka mvuke inataka megajuli 2.3 hivi za joto, na jua la Dodoma humwaga kama megajuli 20 kwa mita hiyo kutwa nzima. Hata usipopoteza chochote, hufikishi lita 9. Haya ni maji ya kunywa nyumbani na ya betri za sola, si ya ng'ombe. (Huko Chile mwaka 1872 walikeneka maji ya kunywesha nyumbu wa migodini, ila walitandaza mtambo wa karibu mita za mraba 4,700.)

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni beseni kujazwa kama la kuogea. Mtu anadhani maji mengi yatatoa mvuke mwingi. Maji ya kina cha sentimita 10 hupata moto polepole. Saa saba mchana bado ni vuguvugu, na jua ndilo hilo linaanza kushuka. Weka sentimita 2, basi. Sakafu ya beseni ipakwe rangi nyeusi na ipimwe kwa pimamaji, maana pakibaki kisiwa kikavu chumvi hukauka hapo, ikawa nyeupe na kurudisha mwanga juu. Chini yake shindilia pumba za mpunga, ambazo Bahi hazinunuliwi kwa bei ya kuumiza, ili joto lisiishie ardhini.

Halafu mvuke hutoroka. Pitisha kiganja pembeni mwa kioo saa sita mchana. Ukihisi unyevunyevu, hapo ndipo lita yako inapokwenda. Ziba kwa silikoni, ile gundi ya kuzibia vioo, na maji ya siku za kwanza yamwage mpaka harufu yake iishe.

Kioo cha dirisha ni bora kuliko nailoni: juu ya kioo matone huungana yakateleza, kwenye nailoni huning'inia na kudondokea tena beseni. Kila mita moja ya upana, upande wa juu uzidi wa chini kwa sentimita 27 hivi. Mteremko utazame kaskazini, kwa kuwa tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko huko, na kiangazi ndicho unachohitaji maji.

Maji yenye dawa za kuulia wadudu au petroli usiyaweke kabisa. Baadhi hupanda pamoja na mvuke.

Kila asubuhi mwaga maji mazito yaliyobaki, mbali na bustani, ndipo ujaze mapya. Pima dumu na uandike daftarini. Likishuka kutoka lita 3 hadi 2 mwezi wa Agosti, usikimbilie fundi. Futa vumbi kwenye kioo kwanza.