Halloween bila kumtisha mtoto: maelezo kwa familia zinazoanza maisha Marekani

Mwaka wetu wa kwanza Des Moines, Iowa, mlango uligongwa jioni moja mwishoni mwa Oktoba. Nafungua, nakuta simba mdogo, polisi anayenifika kiunoni, na mwingine ana mabawa sijui ni nyuki au malaika. Wote wamenikingia mifuko. Nikarudi jikoni nikawaletea mandazi, bado ya moto. Mama zao waliosimama pembeni wakashukuru kwa adabu zote. Kesho yake jirani yangu Mkongomani, aliyetutangulia huku miaka kadhaa, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Asha, huku wanapokea cha dukani tu, chenye karatasi yake." Kumbe ndiyo Halloween: watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, na chakula cha mkono wa usiyemjua hakiliwi siku hiyo. Mandazi yangu ya iliki!

Basi anza na hilo: ukitaka kugawa, nunua pipi ndogondogo zilizofungwa moja moja. Usipotaka, iwe kwa sababu ya dini au uchovu wa zamu, zima taa ya barazani. Taa ikiwaka maana yake karibuni. Ikizimwa watoto wanapita, na hakuna atakayekununia. Kanuni hiyo hiyo mfundishe na wako watakapotoka.

Halloween yenyewe ni tarehe 31 Oktoba, lakini saa za watoto kupita nyumba kwa nyumba miji mingi huzitangaza yenyewe, na ipo inayochagua siku nyingine. Des Moines kwa miongo mingi ilifanya tarehe 30. Angalia tangazo la mji wako, usimsikilize mfanyakazi mwenzako anayekaa mji wa pili.

Des Moines ina jambo moja ninalolipenda kuliko yote. Mtoto hapewi pipi bure. Lazima kwanza aseme mzaha. Kwingi kwingine anatamka tu "Trick or treat!", yaani nipe kitamu au nikufanyie utundu, na mfuko unajaa. Mizaha yao mingi ni ya kuchezea maneno ya Kiingereza, na Asha alikuwa hajaielewa, anaikariri kama shairi. Nikamwambia, mbona sisi tuna vitendawili? Akaenda na kile cha nyumba isiyo na mlango, amekigeuza Kiingereza. Mzee wa nyumba ya kona akafikiri, akakuna kidevu, akashindwa. Asha akamdai mji. Mzee akauliza mji gani, nikaeleza kutoka nyuma kwamba kwetu akishindwa mtu hutoa mji ndipo aambiwe jibu. Akatoa Chicago na chokoleti mbili. Jibu, yai, akampigia kelele mkewe aliyekuwa ndani. Mtoto mwoga akiwa na kitu chake cha kusema mlangoni, hofu yote inahamia kwenye kukumbuka maneno.

Kuhusu vitisho, pita mtaa wako mchana, siku mbili tatu kabla. Utaona nani ametundika mifupa na nani ameweka maboga tu. Ziko sanamu zenye mashine ndani, zinapiga ukelele mtu akikaribia. Mtoto akiziona mchana, tena zimezimwa, hazimsumbui sana. Nyumba iliyozidi, vukeni barabara. Wenye watoto wadogo kabisa, chini ya miaka minne hivi, mimi ningewaambia waache mitaa na waende kwenye viwanja vya makanisa na shule. Huko magari hupangwa buti wazi, yamepambwa, na watoto hupita buti moja hadi jingine kukiwa bado na mwanga.

Nguo: baridi ya Iowa mwisho wa Oktoba haina mzaha. Vazi liwe kubwa ili koti liingie chini yake, la sivyo twiga wako atakuwa twiga aliyevaa koti na atalia njia nzima. Barakoa sizipendi, zinamziba mtoto macho gizani. Rangi kidogo usoni inatosha. Jua linazama muda mfupi tu baada ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo beba tochi.

Wasiotaka Halloween hata kidogo wana mashamba. Wikiendi za Oktoba wakulima hufungua mashamba ya maboga na matufaha: watoto wanapanda trela lenye marobota ya nyasi, wanapotea kwenye vichochoro vilivyokatwa ndani ya shamba la mahindi, wanachagua boga wenyewe. Mengi hayana mzimu wala jini. Niliwahi kumwomba mkulima majani ya maboga, akanitazama kama nimemwomba mizizi. Tena nilikuwa nimechelewa, maana umande wa barafu ulishayaunguza. Nenda Agosti.

Mkirudi na pipi, zimwageni mezani kabla ya mtu kuonja. Waislamu tusome karatasi: pipi nyingi za kutafunika kama mpira zina jelatini, na mara nyingi ni ya nguruwe. Ngumu za mviringo usimpe mdogo, zinakaba. Mwenye mzio wa karanga atafute nyumba zenye boga lililopakwa rangi ya samawati ya kijani. Hiyo ni alama kwamba wanagawa na vitu visivyoliwa, kama penseli na vibandiko.

Na boga je? La kuchonga ni kubwa, lina majimaji na nyuzi, ladha hakuna. Watoto walipake rangi badala ya kulichonga, kisu kikae mbali, nalo litadumu wiki kadhaa. La kupika ni yale madogo ya kutengenezea pai, au lile refu la rangi ya maziwa liitwalo butternut, ambalo ndilo lililo karibu na la kwetu. Limenye, likate, lipike kwa tui zito, iliki na sukari kidogo. Mbegu zioshe, zitie chumvi, uzikaange kwenye kikaango kikavu. Asha huzimaliza kabla hajazigusa pipi.