Kubadilisha mwonekano wa ndani wa supamaketi kubwa Dodoma bila kufunga duka

Anza na taa, rangi baadaye. Krimu uliyoipenda nje kwenye jua la Dodoma, ukiipiga ndani chini ya taa kali za kibuluu, inaonekana kama nyeupe iliyochafuka. Funga kwanza taa za LED za kelvini 4000 (kipimo cha rangi ya mwanga) duka zima, na za 3000 kwenye mikate. Kisha paka kipande cha mita moja ukutani, ukitazame mchana na usiku, ndipo ununue.

Duka la mita 40 kwa 25, kuta za mita 4, lina mita za mraba 520 za ukuta. Toa milango, weka 500. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 za mraba, hivyo mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni lita 100, yaani ndoo 5 za lita 20. Chukua zote siku moja, zenye namba moja ya bechi, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Ndoo ya kuongezea baadaye huacha kiraka.

Fanya njia mbili za shelfu kila usiku. Hapa ndipo watu huumia: shelfu ya pande mbili hupakuliwa kuanzia juu, pande zote kwa pamoja. Ukitoa mchele wa chini ukaacha makopo juu, au ukamaliza upande mmoja, inapinduka. Ukipanga upya, njia kuu iwe na mita 1.8 ili toroli mbili zipishane. Nyingine zisipungue 1.2.

Miezi ya upepo, Juni hadi Septemba, vumbi jekundu huganda ukutani bila kuonekana. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu, ukuta ukauke, la sivyo rangi itabanduka. Hewa kavu nayo huacha mistari ya rola: zima feni, fundi mmoja apake kona kwa brashi, mwenzake amfuate na rola kabla haijakauka. Sentimita 30 za chini piga rangi ya mafuta, maana mopu humenya ile ya maji. Mizabibu ya plastiki darini achana nayo. Hakuna atakayepanda ngazi kuifuta.

Mabango yasomeke kutoka mita 12: herufi za sentimita 10, "Unga", "Sabuni", basi. Yasizibe alama za mlango wa dharura wala mitungi ya kuzimia moto.