SOMO: Kusoma kama tiba ya akili iliyochoka

Wakuu, kila wiki naulizwa lile lile: "Nisome nini nipunguze mawazo?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kusoma kunasaidia matibabu, hakushiki nafasi yake. Huzuni ikipita wiki 2, usingizi na hamu ya kula vikavurugika, mwone mtaalamu. Ukiwaza kujiua, funga kitabu, mwambie mtu aliye karibu sasa hivi na uende hospitali.

1. Tenga dakika 15 hadi 20, saa ile ile kila siku.

2. Simu ikae chumba kingine.

3. Chagua kitabu. Hapa ndipo nilipowahi kuharibu, kwa hiyo soma taratibu. Wengi hukimbilia kitabu kinachofanana na kidonda chao: aliyefiwa anachukua riwaya ya msiba, aliyeachwa riwaya ya talaka. Kusoma hutuliza pale unapojiona kwa mhusika ukiwa umekaa kando kidogo. Kidonda kikiwa kibichi, hiyo kando haipo; unazama naye. Tafuta kinachofanana kwa hisia, si kwa tukio. Aliyefiwa anaweza kufaidika na safari ya mtu aliyepotea njia akalazimika kuendelea. Onja kurasa 3 za mwanzo, kisha chungulia sura ya mwisho, usiogope kujiharibia utamu.
TAHADHARI: kinachoeleza kwa undani namna ya kujidhuru usikiguse, hata kisifiwe vipi. Na kifua kikibana, au ukitoka na uchungu ule ule siku 3 mfululizo, badilisha kitabu. Hakuna deni la kukimaliza.

4. Umakini umevunjika? Hadithi fupi, shairi la beti 4, au kitabu unachokijua tayari. Soma kwa sauti, karatasi ikifunika mistari ya chini.

5. Ukimaliza andika sentensi moja. "Kitabu kizuri" haisaidii kitu. "Nimekasirika mama alipomsamehe" inasaidia, kwa sababu kesho utajiuliza kwa nini.

6. Vitabu vya kujisaidia kimawazo vyenye mazoezi: fanya zoezi kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Kuyasoma tu ni sawa na kusoma karatasi ya dawa bila kuinywa. Ukipata mtu wa kukufuatilia kila wiki, matokeo huwa bora kuliko ukiwa peke yako.

MASWALI

Mwendokasi: Mkuu, taja kimoja tu kinachomaliza stresi.
— Hatua ya 3.

Mwendokasi: Ndefu, sina muda.
— Kama dakika 3 za somo hili huna, 15 za kitabu utazitoa wapi?

Kivuli: Nasoma wiki ya pili, najisikia vizuri. Niache dawa?
— Hapana. Dawa hupunguzwa na aliyekuandikia. Kuikata ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi na ugonjwa kurudi. Mpigie leo.

Bintikalamu: Vitabu vya kusikiliza vinafaa? Na jambo hili lilianza lini?
— Vinafaa, dada, hasa kwa aliyechoka sana. Ubaya wake, mawazo yakitoroka sauti haikungoji. Sikiliza vipande vya dakika 10, ukipotea rudi nyuma sekunde 30. Kuhusu historia: jina la kitaalamu la tiba hii, "bibliotherapy", lilitumiwa na mwandishi Samuel Crothers kwenye jarida la Marekani mwaka 1916. Ila ninayempenda zaidi ni Sadie Peterson Delaney, mkutubi aliyeanza kazi mwaka 1924 kwenye hospitali ya maveterani (askari wastaafu) huko Tuskegee, Alabama. Alimchagulia kila mgonjwa vitabu kulingana na hali yake, na wasioona akawafundisha breli, yale maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole.

Bintikalamu: Aisee, breli! Asante sana.

Mzeewamto: Nyongeza: riwaya za upelelezi msisome kitandani. Unasema sura moja, unashtukia saa tisa usiku.
— Kweli kabisa, mzee wangu. Usiku mashairi, upelelezi mchana.

Kivuli: Nimepiga, nimepewa miadi. Ila macho yanachoka mapema, herufi zinacheza.
— Vizuri sana. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Ikiendelea kapime macho. Kuna wanaolaumu akili kumbe ni miwani. Baadhi ya dawa pia hufifisha kuona kwa karibu, kwa hiyo litaje kwenye hiyo miadi.

Mzeewamto: Na taa ikae nyuma ya bega, siyo usoni.