Mbono Kaburi Ubaki Mpakani: Ushauri kwa Mkulima Anayefikiria Zao la Nishati

Mbono kaburi, yaani jatropha, si mgeni vijijini. Jina lenyewe linaeleza ulikopandwa na wazee: kandokando ya makaburi, na vilevile kuzunguka mazizi na mashamba, kwa kuwa mifugo haili majani yake na ukame hauuangamizi kwa urahisi. Katika miaka ya 2005 hadi 2010 hivi mti huohuo ulitangazwa Tanzania kuwa zao la biashara, kwa kuwa mbegu zake hukamuliwa mafuta yanayoweza kutumika badala ya dizeli, na wakulima wakashawishiwa kuuhamisha kutoka mpakani na kuuweka katikati ya shamba, mahali pa mahindi na ufuta. Ushauri wangu kwa mkulima anayeshawishiwa tena ni kwamba aupande, lakini auache mpakani.

Ni vyema kwanza kuelewa msukumo ule ulitoka wapi. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya nishati jadidifu, yaani nishati isiyokwisha kama ya jua, upepo na mimea, iliyozitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba, ifikapo 2020, asilimia 10 ya nishati ya usafirishaji inatokana na vyanzo jadidifu. Bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda mwaka 2008 hadi kukaribia dola 147 kwa pipa, na wawekezaji walikwisha kuanza kutafuta ardhi katika wilaya za Kisarawe, Kilwa na kwingineko. Sheria hiyo iliweka masharti ya uendelevu: mafuta ya mimea yaliyotoka kwenye msitu uliofyekwa baada ya Januari 2008 hayakuhesabiwa, na ilibidi yapunguze gesi joto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, kwa angalau asilimia 35 yakilinganishwa na petroli au dizeli. Lakini haki ya mwanakijiji juu ya ardhi yake na usalama wa chakula chake havikuwa miongoni mwa masharti yaliyoweza kuzuia shehena bandarini. Vilibaki mambo ya kutolewa taarifa tu. Bei ya mafuta nayo ilikwisha kuporomoka mwishoni mwa 2008, mitaji ikakauka, na Kisarawe, ambako mwekezaji alikuwa amepewa zaidi ya hekta 8,000, mradi ukasimama. Mwongozo wa Serikali ya Tanzania kuhusu nishati mimea ulitoka mwaka 2010, wakati ardhi nyingi ilikwisha kugawiwa.

Kosa la kitaalamu lilikuwa kuchanganya kuishi na kuzaa. Mbono huishi kwenye ardhi duni yenye mvua ya milimita 300 kwa mwaka, ila hauzai mbegu za kutosha kulipa kazi. Unapopata maji, rutuba na palizi huzaa vizuri, lakini eneo lenye sifa hizo ndilo linalozaa mahindi pia. Matunda yake hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo huchumwa kwa mkono kwa awamu, na kazi hiyo mara nyingi huangukia msimu ambao nguvu kazi ya kaya inahitajika kwenye chakula. Kufyeka misitu ya miombo ili kupanda mbono ni hasara juu ya hasara: hewa ukaa inayotolewa na miti iliyokatwa huchukua miongo kadhaa kufidiwa na mafuta yanayovunwa.

Kwenye ua wa mpakani hesabu hubadilika, kwa sababu ardhi ya mpaka haikuwa na zao lingine na ua wenyewe unahitajika hata kama mbegu hazitauzwa. Mita moja ya ua uliokomaa hukadiriwa kutoa takriban kilo moja ya mbegu kwa mwaka, panapokuwa na mvua ya wastani. Kwa ua wa haraka, kata pingili kutoka kwenye matawi yaliyokomaa na uzipande mwanzoni mwa mvua, zikiachana kwa sentimita 15 hadi 25. Pale penye mteremko au ukame mkali ni heri kupanda kwa mbegu, kwa kuwa mti wa mbegu hushusha mzizi mkuu wa kwenda chini, ilhali wa pingili hutandaza mizizi juujuu na kugombea maji na mazao yako. Pogoa wakati wa kiangazi, majani yakishapukutika. Epuka kuuweka jirani na muhogo, kwani mimea hii ni ya jamii moja na mbono unaweza kuhifadhi baadhi ya magonjwa ya muhogo.

Mbegu zina sumu, na watoto huzidhania karanga. Zisianikwe uani bila mwangalizi. Mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, nayo yasilishwe mifugo kamwe, ila ni mbolea nzuri na yanaweza pia kuingizwa kwenye mtambo wa biogesi. Kwa kinu cha mkono, lita moja ya mafuta huhitaji kilo nne hadi tano za mbegu. Wanawake wa Monduli walikamua mafuta hayo na kutengeneza sabuni, na nionavyo mimi soko la namna hiyo, dogo na la karibu, humfaa mkulima kuliko ahadi ya shehena ya Ulaya.

Akija mnunuzi na mkataba, uliza bei ya chini ni ipi, nani analipa usafiri, na nini kitatokea asipokuja kununua. Akija kutaka ardhi, jambo hilo si la mwenyekiti peke yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, eneo lisilozidi hekta 250 huidhinishwa au kukataliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Ardhi ikishahamishwa kutoka kijijini huwa ardhi ya jumla, ambayo haisimamiwi tena na kijiji bali na Serikali Kuu, na mwekezaji akiondoka hairudi yenyewe mikononi mwa kijiji. Swali hilo la kurudi kwa ardhi liulizwe mkutanoni, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari kabla ya kura kupigwa.